Nilivyomwiga Jose Mbele ya Mama Yake

Nakwambia mapema: ukimaliza kusoma hapa utaniona mjinga, na hutakuwa wa kwanza. Mke wangu alinicheka. Wanangu walinicheka. Katekista wetu hapa Mbamba Bay, mtu ambaye kazi yake ni kufariji wenye shida, alicheka mpaka akaomba maji ya kunywa. Baada ya hapo nikaifungia habari hii ndani miaka na miaka, mpaka mwezi uliopita. Nilikuwa karakanani naziba ufa wa boti ya mtu, nimeinama, makalio nimeyaelekeza barabarani kama ilivyo kawaida ya kazi yetu, nikasikia mwanamke ananiita kwa jina ambalo hapa haniiti mtu. "Radi." Mimi ni Meinradi. Hapa naitwa Fundi, au Baba Agata, na nikichelewesha kazi naitwa "wewe." Hilo la Radi nilipewa na mtu mmoja, na mtu huyo amelala makaburini kwa mapadre, pale barabara inapoanza kupanda kwenda Mbinga, tangu enzi za ruksa. Niligeuka polepole, kama mtu aliyeambiwa ana nyoka mgongoni, nikamkuta mama mnene wa Kihindi, mvi zimemjaa, miwani, sari ya rangi ya majani makavu na miguuni raba za michezo. "Mimi Lisi," akasema kwa Kiingereza cha kuokoteza, ambacho ndicho na mimi ninacho. "Dada yake Jose." Nikamjibu, "Shikamoo." Ni mdogo kwangu kwa miaka mingi tu, lakini ndiyo iliyotoka.

Mwaka wenyewe ni ule ambao vitu vilianza kurudi madukani. Pale Mbinga mjini mashati ya mitumba yalimwagwa chini kama mahindi ya kuanika, sabuni zikaanza kunukia tena, na wafanyabiashara binafsi wakapanda milimani na magari yao, wakawa wanapishana na yale ya ushirika bila kusalimiana. Kila mtu alikuwa anabadilishana kitu na mtu. Mapadre wenye karakana ya boti nao wakabadilishana vijana na wenzao wa Kerala, kusini kabisa mwa India: huku atoke mmoja akasomee mwaka mzima boti za faiba, kule atoke mmoja aje ajifunze mbao na ziwa. Wenzangu wenye akili waliogopa ndege. Mimi nilikuwa na darasa la saba na mdomo, nikachaguliwa. Jose alifika wiki kadhaa kabla sijaondoka, tukapewa chumba kimoja nyuma ya karakana, vitanda viwili, chandarua kimoja chenye matundu ya kuwatosha mbu kuingia kwa zamu, na harufu ya lami usiku kucha. Viatu vyake viliibiwa mapema tu. Ikabidi nimpe makatambuga yangu ya matairi, nayo yalimzidi mguu, akawa anayaburuta, kwaru, kwaru, na mchanga wa mchana ukimchoma ananyanyua magoti kama korongo. Ugali aliuviringisha vidonge vidogo vidogo kama dawa ya malaria, anaweka kinywani, anafumba macho. Shikamoo alimpa kila kiumbe. Aliwapa watoto wa chekechea, alimpa mbuzi wa padre. Akiambiwa amekosea, anashika kisogo na kucheka bila sauti, mabega tu yanapanda na kushuka. Mimi nikamwita Korongo. Yeye jina langu lilimshinda, akabaki na kipande cha mwisho.

Aliyetufunga pamoja ni Mzee Kolumba, fundi mkuu, Mngoni mwenye maneno. Siku moja katukuta tunagombania chandarua, akasema, "Nyie mmebadilishana vitanda. Kuanzia leo ni watani."

"Mzee, utani na Mhindi?"

"Kwani Mngoni alipofika huku alikuwa nani? Mgeni. Tukapigana, tukachoka, tukataniana. Huyu hata hatujapigana naye, ni nafuu. Ila ujue kazi yake, Meinradi. Mmoja akifa, mwenzake ndiye wa kumchekesha msibani. Mtani anayelia ni mtani aliyeshindwa kazi."

Kazi hiyo kwetu hakuna asiyeijua. Msiba ukitokea, mtani wa marehemu anakuja amevaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anadai chakula chake, analala kitandani kwake anakataa kuamka, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka, mradi kifua kifunguke. Halafu utani una mlango wake wa kutokea: wafiwa wanampa mtani kitu, kuku, kitambaa, sahani ya chakula, wanamwambia basi. Hapo anakuwa tena mtu wa kawaida, anaosha uso, anakaa na wengine. Jose alielezwa hayo yote kwa Kiingereza cha Mzee Kolumba, akashika kisogo. "Radi," akaniambia, "wewe utangulie kufa. Mimi nina kazi nyingi."

Bombay nilipokewa na Bruda Anto, mzee wa kwao aliyefanya kazi Songea miaka mingi, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Akaniambia chuo hakijafunguliwa, mvua hazijaisha, kwa hiyo tutashuka kusini taratibu, yeye akikagua nyumba za mabruda, mimi nikitembea India kama waziri. Basi tukatembea. Nililala kwenye mabweni ya dari ndefu yenye mapangaboi yanayolia kama mtu anayekoroma, nikanywa chai kwenye vikombe vya udongo ambavyo ukimaliza unavitupa dirishani mwa treni; cha kwanza nilikifuta nikakiweka mfukoni, Bruda akacheka kituo kizima. Watu walinigusa nywele. Mama mmoja kwenye treni alimuuliza Bruda swali refu huku ananitazama, nikauliza anasemaje, akasema, "Anauliza kama kwenu kuna ndizi." Nikamwambia mwambie kuna ndizi, hakuna treni. Behewa zima likacheka, na mimi nikasimama nikawaonyesha Mhindi anavyokula ugali. Nilimwiga Jose toka Bombay mpaka kusini. Ndiyo ilikuwa nauli yangu ya urafiki: kila nyumba tuliyofikia walikuwa wanamjua kijana wao aliyekwenda Afrika, na kila nyumba nilitembea kwaru kwaru sebuleni, nikatoa shikamoo kwa paka, watu wakashika mbavu.

Sasa ninapokumbuka safari ile, ndipo mwili unaponisisimka. Kulikuwa na nyumba moja ya mabruda wazee, mlo wa jioni ulikuwa wali na maziwa mgando, na wazee wale walicheka mpaka mmoja akakohoa ikabidi apigwe mgongo. Baadaye nilikuja kupigia hesabu. Jioni ile Jose alikuwa ameshafukiwa. Walikuwa wametoka na boti mpya kwenda kuijaribu upande wa Lituhi, upepo wa mwera ukawakuta, wenzake wawili wakashika mbao, yeye hakushika kitu. Na mimi nilikuwa sebuleni kwa watu, maelfu ya maili na bahari katikati, natembea kwa miguu yake.

Kijiji chao kipo ufukweni, minazi imeinamia nyumba kama inasikiliza. Tulishuka kwenye basi tukakata kwa miguu, mimi nimebeba mfuko wa usipa wakavu, dagaa wa ziwa letu, ambao Jose alinipa nimpelekee mama yake. Toka mbali nikaona watu wamejaa uani, wengi, wamevaa nguo nyeupe, wamekaa kimya wakitazama njia. Sasa mwambie kijana wa darasa la saba aliyepewa India nzima kuitembelea, watu wote wale wamekuja kufanya nini? Nilidhani wamejipanga kunipokea. Nikanyanyua mkono nikawapungia kama askofu anayeshuka kwenye gari. Nikachezesha mabega kidogo. Hakuna aliyepunga. Mtoto wa kike wa darasa la sita hivi, ndiye Lisi, alikimbia akaingia ndani. Padre wa pale akamvuta Bruda kando, karibu na kisima, na nilichosikia mimi ni sauti tu ya Bruda, akisema kwa Kiswahili, kwa kuwa habari ilimkuta akili yake ipo huku: "Mungu wangu. Mtoto wa watu." Akaja akanishika bega. Simu ya maandishi ilikuwa imefika siku ile ile asubuhi.

Tulilishwa uji wa mchele na kunde, chakula cha msiba cha kwao. Ndani palikuwa na picha ya Jose juu ya meza, imevishwa maua, taa mbele yake, na hakuna mwili. Hilo ndilo lililokuwa linaua nyumba ile. Mama yake, Amma kama wote walivyomwita, alikaa chini ameegemea ukuta, macho makavu. Hakuwa amelia. Hakuwa amegusa uji. Kila aliyemsogelea alimwambia neno moja, Bruda akanitafsiria: "Anasema mwanawe yuko safarini." Wanawake walinong'ona, wakimtazama kama mtu aliyesimama ukingoni mwa kitu. Na mimi nikaanza kusikia aibu inanichemka. Mtani wa marehemu nipo, mzima, nimeshiba, nimekaa kwenye kona kama gunia, mama wa mtu hajafunguka kifua. Mzee Kolumba angenitemea mate. Sikumuuliza Bruda. Ningemuuliza, nisingekuwa na habari ya kukusimulia. Nikatoka uani, kwenye kamba kulikuwa na shuka la kiunoni kama la Jose, nikajifunga, nikavaa ndala za baba yake zilizonizidi, nikaingia mlango wa mbele.

Kwaru, kwaru, kwaru. Magoti juu. Nikampa shikamoo padre, nikaipa shikamoo picha, nikampa shikamoo mbwa aliyekuwa mlangoni. Nikakaa katikati ya chumba, nikachukua uji wa mtu, nikajifanya naviringisha vidonge, nikafumba macho. Nikashika kisogo, mabega yakapanda na kushuka.

Kwetu kimya kinadumu pumzi moja, halafu bibi mmoja anapasuka kicheko. Hapa pumzi zilipita. Mjomba wa Jose, mvuvi mwenye mikono kama makasia, alinishika kola akaninyanyua, miguu ikaning'inia, ndala ikadondoka. Bruda alikuwa ameziba uso. Mjomba kanena maneno ambayo hayahitaji tafsiri. Halafu Amma akasema kitu, kwa sauti ndogo, na mkono ukaniachia.

"Bruda, anasemaje?"

Bruda akaondoa mikono usoni, akanifupishia. "Anasema, rudia."

Nikarudia. Na kesho yake, baada ya rozari ya jioni, akaniita mone, yaani mwanangu, akaonyesha mlango. Nikatoka nje, nikaingia. Akawa anakula baada ya hapo, na kama sijaingia hali. Bruda aliitwa kwenye nyumba nyingine, akaniacha pale mpaka chuo kifunguliwe, akaniambia kwa uso wa mtu asiyejua anafanya jema au baya, "Mradi anakula, Meinradi." Nikalazwa kwenye kitanda cha Jose. Kwenye kichana chake kulikuwa bado na nywele. Mchana nilikaa na Lisi akinifundisha majina ya vitu, mlo ulikuwa muhogo na samaki, hebu fikiria, nimepanda ndege kwenda kula chakula cha Lituhi. Usiku nilisikia wazazi wakiongea ng'ambo ya ukuta wa mbao, baba anasema machache, Amma anarudia jina la Jose, na sikujua anamsema yeye au mimi, kwa sababu alikuwa ameanza kutuchanganya.

Kila jioni alitaka kipya. Nilimletea Jose akigombana na chandarua, Jose akidondoka kwenye mtumbwi uliokuwa bado umefungwa kwenye gogo, Jose akionja usipa kwa mara ya kwanza, Jose akiimba kanisani wimbo wa Kiswahili bila kujua neno hata moja. Yeye alisogea mbele, mikono magotini, anatazama kama mtu anayesoma maandishi madogo. Hakucheka hata siku moja. Na mimi nikaanza kuogopa. Asubuhi moja nilikuwa kisimani peke yangu, ndoo ikaniponyoka, na kabla sijafikiri mkono ukaenda wenyewe kisogoni, mabega yakapanda na kushuka, sauti haitoki. Sikuwa naigiza. Hapakuwa na mtu. Nilisimama pale maji yananitiririka miguuni, nikajaribu kukumbuka mimi mwenyewe huwa nacheka vipi, sikupata. Nikaelewa kosa langu lilipo. Nilikuwa nimeingia kwenye utani kwa watu ambao hawaujui mlango wa kutokea. Hakuna wa kunipa kuku. Hakuna wa kuniambia basi. Chuo kilikuwa kinafunguliwa Jumatatu, na wote mle ndani tulijua swali ni moja: nikiondoka, huyu mama atakula? Na nikibaki, mimi nitakuwa nani?

Jumapili jioni rozari ikaisha. Nikasimama kwenda mlangoni, Amma akanizuia kwa kiganja. Akaongea na Lisi, muda mrefu, na yule mtoto akatikisa kichwa anakataa, akaamrishwa. Akanitafsiria kwa Kiingereza chake cha shule, macho yake sakafuni.

"Mama anasema, sasa onyesha alivyoingia majini."

Baba alinyanyuka akatoka nje. Mimi, Mungu anisamehe, mikono yangu ilikwisha kuanza. Mchekeshaji ni kama kuku aliyechinjwa, mwili unaendelea. Nilikaa sakafuni nikaiweka sakafu kuwa boti, nikanyanyua mkono wenye kasia, nikageuza uso upande unakotoka mwera. Chumba kikaisha, nakuapia, nikasikia ubaridi wa ziwa kwenye mbavu. Na hapo ndipo palipoishia. Niliutafuta mjongeo unaofuata, haupo. Nilikuwa naweza kutunga. Nimetunga maisha yangu yote. Mkono ulibaki juu, na nikasikia sauti ambayo saa zile za jioni haikuwahi kusikika mle ndani, sauti yangu, ya Meinradi, kwa Kiswahili cha kwetu: "Sijui, Amma. Sikuwepo."

Lisi hakuwa na haja ya kutafsiri. Amma alinitazama, nikaona ananiona, pua yangu, masikio yangu. Akanyanyuka akaenda jikoni. Akarudi na sahani ya muhogo na samaki, akaiweka mbele yangu, pale mlangoni wanapokaa wageni, sio kwenye nafasi ya Jose. Halafu akakaa chini akalia. Alilia kama mtu anayetapika, na wanawake wakaingia toka nyumba za jirani, na sauti zikapanda mpaka kunguru wakaruka minazini. Mimi nilikula. Ndiyo, nilikula, maana kwetu ukipewa lazima ule, na kila tonge lilipita na machozi, mtani aliyeshindwa kazi. Asubuhi Bruda akanifuata. Mwaka wa faiba ukapita. Walinialika Noeli, walinialika Pasaka, sikwenda. Niliporudi huku Mzee Kolumba alinisimulia kuwa wao walimzika vizuri: aliingia yeye mwenyewe kaburini akakataa kutoka mpaka wakampa makatambuga. Makatambuga yangu. Nikamwambia shikamoo mzee, nikapita.

Basi mwezi uliopita nikampeleka Lisi makaburini. Akasafisha msalaba kwa ncha ya sari, akaniambia Amma amefariki, ameenda mzee sana, na ndiyo sababu amekuja. Tulikaa. Kisha akasema anataka kuona. Nikajua anataka nini. Nikamwambia nyonga imekufa, mimi mzee, watu wanapita barabarani. Akanitazama kwa jicho la mama yake. Nikanyanyuka, nikatembea katikati ya makaburi, magoti juu, nikaburuta miguu, nikashika kisogo. Lisi akacheka. Halafu akavua miwani, akaishika muda mrefu bila kuifuta.

"Kaka yangu hakuwa anatembea hivyo," akasema. "Nyumbani alikuwa anakimbia tu. Tulijua wote siku ile ile. Mjomba alitaka kukupiga kwa hilo, alisema huyu hata kumwiga hajui. Mama akamwambia mwache, huyo ni Jose wa kule. Mama alikuwa anaziona siku za mwanawe ambazo yeye hakuwepo, Radi, moja moja, kila jioni. Uliposema na wewe hukuwepo, ndipo alipojua zimeisha."